Kikapu cha Mwalimu: Kitabu kipi cha kubeba Yerusalemu?

Barua za mwezi huu nimezisoma uani huku nikigeuza mlenda kwenye ungo, kwa hiyo mbili kati yake zina alama za vidole vya kijani, wenyewe mnisamehe. Naanza na ya Kongwa, maana inahusu mahali ninapopajua kwa miguu yangu mwenyewe.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama wa kanisa letu hapa Kongwa. Tumechanga miaka minne kwa kuuza karanga na ufuta, na sasa watu 18 tumefikia kiwango cha kwenda Yerusalemu. Wanaotupeleka wamesema mwongoza wageni yupo, lakini wenzangu wamenituma nitafute kitabu kimoja cha mwongozo, tukisome pamoja kabla ya safari na tukibebe. Nimekuta vitatu kwenye meza ya vitabu vya mitumba Dodoma mjini. Kimoja ni kinene, kina picha za rangi, muuzaji anasema ni kipya kabisa. Cha pili ni chembamba, karatasi zimepata rangi ya chai, kina ramani nyingi. Cha tatu ni cha sala, kina mistari ya Biblia kwa kila mahali. Bei zinakaribiana. Pesa ni ya kikundi, nikikosea nitaimbwa. Nichukue kipi, na nitajuaje kwamba hakinidanganyi? — Mweka hazina, Kongwa*

Marahaba, mwanangu, na hongereni. Miaka minne ya karanga si mchezo.

Usinunue bado. Rudi kwenye ile meza, mwombe muuzaji akuachie vitabu vyake kwa robo saa, na picha uziache kwanza. Anza na ule ukurasa ambao hakuna anayeusoma, ulio nyuma ya ukurasa wa jina, wenye maandishi madogo ya hakimiliki. Muuzaji wa mitumba akisema "kipya kabisa" mara nyingi ana maana hakijachanika. Tafuta mwaka, kisha uulize mwaka huo ni wa nini: wa toleo au wa chapa? Toleo jipya ni kwamba mtu alikaa akakisahihisha kitabu. Chapa mpya ni kwamba mashine iliwashwa tena, basi. Nimewahi kushika kitabu chenye chapa ya juzi ambacho maneno yake yote yalikuwa ya miaka kumi na saba nyuma, na makosa yake yote yamo. Ukikuta mstari wa tarakimu zinazoshuka, 10 9 8 7 6 5 4, ile iliyo ndogo kuliko zote ni namba ya chapa. Isikuvimbishe kichwa.

Sasa fungua picha. Kile kinene hakitakosa picha ya Kaburi lenyewe, yaani kile kijumba cha mawe kilichomo ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu. Tazama ubavuni. Ukiona vyuma vizito vimekibana kama banzi kwenye mguu uliovunjika, picha hiyo ilipigwa kabla ya 2017. Vyuma hivyo Waingereza walivifunga 1947 ili kijumba kisibomoke, vikaondolewa kwenye ukarabati uliokamilika Machi 2017. Muuzaji atabishana na wewe, lakini na picha hatabishana.

Hata hivyo, upya wenyewe usikubabaishe, na hapa nitakuhadithia yaliyonikuta. Mara yangu ya kwanza kwenda ilikuwa Februari 2014, na wenzangu wa hapa Dodoma. Kiongozi wetu, mtu mwema ambaye simtaji, alikuwa na kitabu cha Kiingereza kizuri na kipya. Akatutafsiria ratiba, akaichapa, akatugawia kila mtu karatasi yake. Kitabu kilisema kweli kabisa: kila Ijumaa Wafransisko huongoza Njia ya Msalaba katika vichochoro vya mji wa kale, wakianzia uwanja wa shule ya Umariya, ambako ndipo kituo cha kwanza. Kiongozi akaandika: "Ijumaa, saa 3." Basi sisi, watoto wa saa za Kiswahili, saa 2 na nusu asubuhi tuko pale, tumevaa sare, baridi inatafuna masikio. Tukasimama. Ikafika saa 4. Hakuna padri, hakuna msalaba. Mzee mmoja aliyekuwa na toroli la mikate mirefu ya duara iliyopakwa ufuta alitutazama muda mrefu, akaja, akauliza kwa mikono tunangoja nini. Tulipomwonyesha ishara ya msalaba akacheka hadi akashika toroli, akainua vidole vitatu: "Thalatha, baad al-dhuhr." Hakuhitajika mkalimani. Thelatha, baada ya adhuhuri! Ilikuwa saa 3 ya Kizungu, yetu ni saa 9 alasiri. Na saa 9 sisi tulishapangiwa kuwa Bethlehemu. Tulinunua mikate yake yote tukaondoka. Njia ile nimekuja kuitembea 2019.

Kwa hiyo saa zozote mtakazozitoa kitabuni, aziandike mtu mmoja, na kando ya kila moja aandike asubuhi, alasiri au usiku. Jueni pia kwamba majira ya baridi saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na majira ya joto tunalingana. Maandamano hayo nayo majira ya joto husogezwa hadi saa 10 alasiri.

Safari hiyohiyo tulikuwa na kitabu kingine, cha zamani, cha mama mmoja. Kilisema kwenda Bethlehemu mtu apande basi namba 21 karibu na Lango la Dameski. Basi lililokuwepo limeandikwa 231. Kitu kidogo, lakini mama yule alikataa kupanda kwa dakika ishirini nzima. Kitabu chochote cha kabla ya 2018 hakitakuwa na treni ya kasi inayotoka uwanja wa ndege kupanda Yerusalemu, maana ilianza mwaka huo. Mambo ya namna hii, yaani mabasi, saa za kufungua, viingilio, huchacha kama maziwa. Mawe hayachachi. Ndiyo maana nakwambia kitabu kinunue kwa ajili ya mawe, na saa ukaziulize hukohuko: karibu na Lango la Yafa Wafransisko wana Kituo cha Habari cha Kikristo, wanatoa saa za ibada na za makanisa kwa msimu uliopo.

Sasa, kitabu kinachosema kweli kuhusu mawe utakijuaje na wewe hujafika? Kuna maeneo matatu ya kusoma ukiwa umesimama palepale mezani.

Soma kuta za mji kwanza. Wengi wetu tukiziona tunalia tukidhani ndizo alizozitazama Bwana. Kuta zilizosimama leo alizijenga Sultani Suleimani wa Waturuki katika karne ya 16. Kitabu kisichokwambia hivyo kifunge. Kisha soma Chumba cha Juu, penye Karamu ya Mwisho: ukumbi unaoonyeshwa ni wa enzi za kati, matao yake ni ya namna ya Wazungu wa Vita vya Msalaba. Mwandishi mwaminifu atasema hilo, halafu ataeleza kwa nini Wakristo wamepaheshimu mahali hapo tangu zamani. Mwisho soma Golgotha. Sisi Waanglikana tunapenda sana Bustani ya Kaburi, nje ya Lango la Dameski, kwa sababu kuna utulivu, miti, na kaburi la kuchongwa mwambani lenye sura ya Maandiko. Mimi pia nililia pale. Lakini wazo la kwamba hapo ndipo lilipata nguvu 1883, kupitia jenerali Gordon wa Uingereza, wakati kanisa lililo juu ya Kaburi Takatifu liliwekwa wakfu mwaka 335, enzi za Konstantino. Kitabu kizuri kitaweka yote mawili mezani, kitasema "inaaminika" panapostahili "inaaminika". Kikikuandikia "hapa ndipo hasa" kila ukurasa, huyo ni mpiga debe.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakihusu Yerusalemu. Wachapishaji wengi wa vitabu hivi wana kitabu cha Tanzania pia. Kitafute, kwenye maktaba au kwa mtu anayepokea wageni, fungua kurasa za Dodoma. Hapo wewe ndiye mtahini. Je, mwandishi anajua kwamba makao makuu yaliamuliwa kuja huku 1973, kwamba serikali ilianza kuhamia kwa kasi 2016, na kwamba tumekuwa jiji tangu 2018? Kama kitabu kimesahihishwa baada ya 2024, je, kina treni ya SGR kutoka Dar es Salaam? Kanisa Kuu la Anglikana pale mjini lina kuba; mgeni aliyelitazama kwa dirisha la basi anaweza kuliandika msikiti. Na Kondoa, je, anakwambia kwamba michoro ya mapangoni inafikiwa kupitia Kolo na kwamba kuna mlima wa kupanda kwa miguu, au anasifu tu? Mchapishaji akituandika ovyo sisi tulio hai na tunaoweza kumsuta, sioni kwa nini nimwamini kwa mambo ya Herode.

Ramani. Hapa kile chembamba kinaweza kukishinda kinene. Mji wa kale ni mdogo, haufiki sana kilometa moja ya mraba, lakini una mitaa minne, wa Waislamu, wa Wakristo, wa Wayahudi na wa Waarmenia, na vichochoro vyake vimefunikwa juu hadi hujui jua liko wapi. Ramani iwe na jina zaidi ya moja kwa kila lango. Lango la Dameski Waarabu wanaliita Bab al-Amud, Wayahudi Sha'ar Shkhem. Lango la Yafa ni Bab al-Khalil. Ukiwa na jina moja tu, tena la Kiingereza, ukipotea utaelekezwa kwa ukarimu mkubwa usikokwenda. Tazama pia kama ramani inaonyesha mstari wa kabla ya 1967, mwaka ambao Israeli iliuteka mji wa kale na upande wote wa mashariki katika vita. Sikutumi kwenye siasa. Bethlehemu iko upande wa Wapalestina, kuna ukuta na kituo cha ukaguzi, na pasipoti lazima iwe mkononi, si ndani ya sanduku hotelini. Kitabu kinachoficha mgogoro kitakuficha na pasipoti yako.

Tafuta pia sehemu inayoeleza marufuku, maana ndipo mwandishi aliyefika anapojulikana. Eneo la Msikiti wa Al-Aqsa na Kuba la Mwamba, ambapo Hekalu lilisimama, asiye Mwislamu anaingia kwa lango moja tu, la Mughrabi, kwa saa chache, na si Ijumaa wala Jumamosi. Haruhusiwi kusali humo, na Biblia mtaambiwa muiache nje. Fikiria akina mama 18, kila mmoja na Biblia yake ya zipu kwapani! Kwenye Ukuta wa Magharibi wanaume na wanawake wana pande zao. Mwanamume afunike kichwa, baragashia inatosha. Kuanzia Ijumaa jua linapotua hadi Jumamosi usiku ni Sabato: treni ya mjini inalala, mabasi ya upande wa Wayahudi yanalala, na picha pale ukutani hazipigwi. Kila mama abebe khanga mbili, za mabega na za kiuno. Hilo kitabu chao hakitakwambia.

Na magoti. Hukuniambia umri wenu, lakini kikundi cha akina mama nakijua. Mawe ya mji wa kale yamekanyagwa hadi yanateleza kama sahani, na kupanda Golgotha ndani ya kanisa ni ngazi fupi lakini zimesimama wima. Handaki la Hezekia lina mita 533 za kutembea ndani ya maji na giza. Kitabu kinachosema "matembezi ya kupendeza" bila kutaja ngazi kimeandikwa na kijana.

Hukumu yangu basi. Kile cha sala kiache, mistari mnayo. Kinene kikiwa na vyuma kaburini na chapa tupu bila toleo, kiache pia. Chembamba, kama kimevuka ile mitihani mitatu, chukua hata kama kimezeeka, kisha mabasi na saa zake zipige mstari wa kalamu nyekundu mzisahau. Na mkipata nafasi ya kuagiza, kwa anayesoma Kiingereza vizuri, kipo cha padri Mdominiko Jerome Murphy-O'Connor, *The Holy Land*, toleo la tano la 2008. Mtu huyu aliishi na kufundisha Yerusalemu hadi kufa kwake 2013. Hakina hoteli wala chakula, na sehemu nyingine ni kavu kama Bahi mwezi wa tisa, lakini kwa mawe sijaona anayemfikia.

Kitu kimoja mkitafute ndani ya chochote mtakachonunua: Kanisa la Mtakatifu Anna, karibu na Lango la Simba, kando ya birika la Bethzatha. Ni la karne ya 12, na tangu 1878 linatunzwa na Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe. Mwaka uleule msafara wao wa kwanza ulitoka Bagamoyo ukapita hapa Ugogo kwenda Tabora. Sauti humo ndani hairudi, inaelea. Watu huingia kuimba. Sisi tuliimba wimbo mmoja wa Kigogo, sauti ya tatu ikabaki juu ya dari baada ya sisi kunyamaza, na kundi la Wakorea lililokuwa likingoja zamu likakaa chini.

Hali ya usalama tangu vita vilipoanza Oktoba 2023 haimo katika kitabu chochote cha kuaminika, maana inabadilika kwa wiki, na mashirika ya ndege husitisha safari na kurudi. Kabla hamjamaliza malipo ulizeni Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wetu ulioko Tel Aviv, na mpate kwa maandishi kutoka kwa hao wanaowapeleka: ndege ikisitishwa, pesa inarudi au hairudi?

*Assalaam alaykum Mwalimu. Nina kitabu cha marehemu baba mkubwa cha mwongozo wa Hija, cha mwaka 1994. Mwakani nakwenda Umra inshallah. Kinafaa? — Wa Kondoa*

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Makka mimi siingii, ni ya Waislamu peke yao, kwa hiyo nimevuka barabara kumuuliza jirani yangu hajati, tukakaa na kahawa. Anasema kigawe kitabu mara mbili. Ibada zenyewe, yaani ihramu, tawafu, sai na dua, hazikubadilika, na kama baba mkubwa aliandika pembeni kwa kalamu, hiyo ni hazina, usimpe mtu. Kinachobaki ni historia. Nguzo za Jamarati, zile zinazopigwa mawe, utakazoziona humo kwenye picha, ambazo ni za Hija na si za Umra, ziligeuzwa kuwa kuta 2004. Mwisho wa wiki wa Saudia ulikuwa Alhamisi na Ijumaa, tangu 2013 ni Ijumaa na Jumamosi, nawe utahitaji benki. Kati ya Makka na Madina sasa kuna treni ya Haramain, tangu 2018. Na kuswali Rawdha, ndani ya Msikiti wa Mtume pale Madina, unaomba nafasi kwenye programu ya simu inayoitwa Nusuk. Hajati amesisitiza: jisajili mapema, wapo wanaofika na wasipate.

*Mwalimu, mambo ya vitabu si yamepitwa? Simu haitoshi? — Mwanafunzi, UDOM*

Simu beba. Lakini mwaka 2024 watu waliokuwa Israeli walifungua ramani za simu zao zikawaambia wako uwanja wa ndege wa Beirut, kwa sababu mawimbi ya setilaiti yalikuwa yakivurugwa kwa ajili ya vita. Na kwenye soko lililofunikwa, hata siku ya amani, ile nukta ya buluu inarukaruka kama panzi. Karatasi haiishi chaji.

Nikiwa kwenye habari za vitabu: aliyeazima kile changu, kilichokatwa kwa wembe vipande vitatu na kushonwa kitambaa cha kaliko, anajijua. Kipande cha kati, chenye tiketi ya basi namba 231 ndani yake, hakijarudi tangu mwaka juzi. Akiache tu kwa muuza zabibu aliye kona ya kwetu, sitauliza kitu.